Njiti wapapaswe tumbo mpaka miaka mitatu

Mhariri,

Uzito wa kuzaliwa huandikwa kwenye kadi ya kliniki, lakini njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akishanawiri hakuna anayeitazama tena namba ile. Tunaomba itazamwe. Aliyezaliwa chini ya gramu 1,500, na hasa chini ya 1,000, yumo katika hatari kubwa kuliko wenzake ya kupata hepatoblastoma, saratani ya ini ya utotoni. Madaktari wa Japani waliligundua hilo miaka ya 1990. Hata kwa njiti ni ugonjwa adimu, kwa hiyo mama asikose usingizi. Tunachotaka ni mkono wa mhudumu ufike tumboni.

Mtoto anyonyeshwe kwanza ili tumbo lilegee. Vidole vianzie chini kulia, karibu na nyonga, vipandishwe taratibu kuelekea mbavuni. Anayeanzia mbavuni huwa ameshaweka mkono juu ya ini lililovimba na asilitambue, maana ukingo wake umeshuka mbali. Ini lenye afya la mtoto mchanga huguswa sentimita 1 au 2 chini ya mbavu, nalo ni laini. Likiwa gumu, au likizidi kushuka, asingojewe mwezi ujao, apelekwe altrasaundi.

Huku Pemba tumbo gumu huitwa bandama. Bandama iko kushoto, ini liko kulia! Mara nyingi uvimbe huu hauumi wala hauleti manjano, na mtoto huendelea kucheza. Tafadhali, asikandwe wala asichanjwe chale: uvimbe huweza kupasuka, damu ikavujia ndani.

Kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini, protini inayotengenezwa na ini, hupanda sana katika saratani hii. Lakini kila mtoto huzaliwa nacho kikiwa juu, njiti zaidi, kikashuka polepole mwaka wa kwanza. Fomu ya maabara iandikwe umri wa mtoto na wiki za mimba aliyozaliwa nayo, la sivyo mzazi atatishwa bure.

Ugonjwa ukithibitika, rufaa ni hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari: sisplatini, dawa ya saratani, kisha upasuaji. Sisplatini hudhuru masikio, na njiti wengi walishachomwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, wodini, nayo ina madhara hayohayo. Usikivu upimwe kabla ya dozi ya kwanza.

Sindano ya surua ya miezi 18 ikishapita, wengi huacha kliniki. Njiti wapewe tarehe nyengine ya kupapaswa tumbo kwenye kadi, siku hiyohiyo, mpaka wafike miaka mitatu.

Wauguzi wa watoto,
Chake Chake, Pemba