Mashua ya tanga ikipinduka, tusiiache

Mheshimiwa Mhariri,

Tangu msiba wa tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya abiria ilipozama karibu na bandari yetu ya Kituku, sisi wa Goma tunazungumzia sana jaketi za kuokolea, na ni haki. Ila vijana wanaojifunza tanga Ziwani Kivu wahitaji zaidi.

Mashua ndogo inapolala ubavu, mtu asiogelee kuelekea ufukoni, hata ukionekana karibu, bali aishike, alegeze kamba za tanga, aelekeze omo, yaani mbele ya mashua, kwenye upepo, kisha akanyage ule ubao unaochomoza tumboni mwa mashua na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote mpaka mlingoti uinuke. Apandie tezi, yaani nyuma ya mashua, kwani akipandia ubavuni yaweza kupinduka tena. Naomba wakufunzi wawazoeze vijana jambo hili karibu na ufuko.

Msomaji wenu, Goma