Mashine haikufuta hesabu ya maji

Kwa Mhariri,

Usafiri wa visiwa vya Lamu umetoka kwenye madau na mashua za tanga, ukaja kwenye boti za dizeli, na sasa wengi wanapanda vyombo vya faiba vyenye mashine ya petroli nyuma. Kutoka Mokowe hadi Lamu mjini, boti kubwa huchukua kama nusu saa, na spidi, yaani boti ya kasi, huchukua kama dakika kumi. Ni faida kubwa kwa mgonjwa na kwa mwanafunzi. Lakini bahari ingali inajaa na kupwa vile vile, na abiria wa kisiwa cha Pate ndio wanaoumia pale jambo hilo linaposahauliwa.

Njia ya ndani ya kwenda Mtangawanda na Faza, huko Pate, hupitia mlango wa bahari wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, katikati ya mikoko hubaki matope. Nahodha wa tanga alingoja maji, na akikwama alishika upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Chombo hakikupata dhara.

Mashine ya leo hailivumilii tope. Hunyonya maji ya bahari kwa vitundu vilivyo chini, karibu na propela, ili ipoe. Ndani ya pampu mna mpira wenye mapezi. Matope na mwani vikiingia, vitundu huziba na mpira huliwa au huungua. Dalili ya mwanzo ni ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine: ukikatika, mashine izimwe papo hapo. Wengi hufanya kinyume, huongeza moto ili wachomoke, na pistoni hushika ndani ya silinda. Wengine huinua mashine ili propela isiguse chini, wakasahau kuwa vitundu navyo vimeinuka na sasa vinanyonya hewa. Kisha kuna mzigo. Chombo kikipakiwa saruji juu ya abiria huzama zaidi, na mahali kilipopita jana leo kinakwama.

Wazee wetu wanaijua hesabu hii, na vijana wanaoshika usukani waifuate. Tarehe 2 au 3 na 16 au 17 ya mwezi mwandamo, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano. Baina ya kujaa na kupwa kuna takriban mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50, hata wiki moja baadaye, katika maji mafu, yaani maji madogo, maji yanajaa saa nne na nusu hivi. Kwa hiyo boti inayowaahidi watu kuondoka saa nne asubuhi kila siku haiwaambii kweli. Na kuzunguka nje ya Manda wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini, kwa chombo kidogo kilicho wazi, kisa kumepwa, ni kuhatarisha roho za watu.

Tunaiomba serikali ya kaunti iweke ubao kwenye gati za Lamu, Mokowe na Mtangawanda, uandikwe kila asubuhi saa ya kujaa na saa ya kupwa. Majedwali ya maji huchapishwa kila mwaka, kazi ni kunakili tu. Idadi ya abiria iandikwe ubavuni mwa kila chombo kwa herufi za kusomeka kutoka gatini. Jaketi za kuokolea maisha zivaliwe kabla ya kamba kufunguliwa, na za watoto ziwemo. Jaketi zilizofungwa fungu moja chini ya mizigo hazimfai mtu. Nahodha naye asitoke bila mpira wa pampu wa akiba, plagi mbili na spana yake.

Mafundi wa mashine za boti,
Langoni, Lamu