Uwanja mkubwa, nafasi chache

Mhariri,

Habari mliyochapisha kuhusu uwanja wa shule ya sekondari ya Allen, katika kitongoji cha Dallas, Texas, iliusifu kwa viti vyake 18,000 na gharama yake ya dola milioni 60 hivi. Ni kweli, na wakazi wenyewe ndio waliopiga kura mwaka 2009 kuidhinisha fedha hizo. Lakini haikugusa jambo linalotuuma wazazi: shule yenye maelfu ya wanafunzi huwa na timu kuu moja tu kwa kila mchezo. Uwanjani wanaingia kumi na mmoja, wengine wote ni watazamaji.

Mimi naishi kitongoji kingine cha huku huku. Mwanangu aligombea nafasi katika timu ya soka shuleni kwake. Orodha ilipobandikwa mlangoni aliisoma mara mbili, akarudi nyumbani na njumu zake ndani ya mfuko wa plastiki. Hajazivaa tena. Masomo alikuwa amefaulu, na hapa Texas tangu miaka ya 1980 anayefeli hachezi. Alichokosa ni nafasi.

Naziomba bodi za shule zitenge sehemu ya bajeti ya michezo kwa mashindano kati ya madarasa, ambayo kila anayetaka anacheza bila kuchujwa. Nasi wazazi tunaozungumza Kiswahili, Wakongo, Wakenya, Watanzania, tuhudhurie vikao vya bodi. Viko wazi kwa umma, na mzazi ana haki ya kusema. Twendeni kabla bajeti ijayo haijapitishwa.

Mzazi,
Texas, Marekani