Kwa Nini Tunaunda Toroli la Mbao Kabla ya Kuinua Bodi ya Volkswagen Beetle

Wateja wanaotuletea Volkswagen Beetle za zamani ili zifufuliwe huuliza kwa nini makadirio yetu ya gharama huanza na mbao, bolti na magurudumu ya toroli la kubebea bodi, ilhali gari lenyewe bado halijaguswa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika namna gari hilo lilivyoundwa. Bodi yake hukaa juu ya chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, na kufungwa kwa bolti zilizopangwa kandokando, na pindi bolti hizo zinapofunguliwa, bodi hukosa kitu kilichokuwa kikiizuia isipinde.

Nguvu inayobaki imo zaidi katika mihimili miwili ya bati iliyo chini ya milango, ambayo ndani yake hupita pia hewa ya moto kutoka kwenye injini. Kwa bahati mbaya, mihimili hiyo huliwa na kutu mapema, hasa katika magari yaliyokaa miaka mingi Mombasa, Tanga na kwingineko penye hewa ya chumvi. Bodi ya namna hiyo ikiinuliwa bila maandalizi, nafasi za milango hubadilika umbo; milimita chache tu hutosha kuufanya mlango ukatae kufunga, na fundi akichomelea mihimili mipya wakati bodi imekwisha kupinda, upindo huo hubaki humo daima. Toleo lisilo na paa la bati, lililoundwa na Karmann huko Osnabrück kuanzia mwaka 1949 hadi 1980, linahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua bolti hata moja, tunahakikisha kwamba milango inafunga sawasawa, kisha tunafunga vyuma vya mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa katika kila upande, na kingine cha kukata upana wa gari. Tunapima kila nafasi ya mlango kutoka pembe hadi pembe na kuandika vipimo hivyo, kwa sababu ndivyo vitakavyotuonyesha baadaye kama kuna kilichosogea.

Toroli lenyewe tunaliunda kwa mbao kavu za milimita 50 kwa 100, za saipresi au msonobari, kwani mbao mbichi hujipinda inapokauka na kuipinda bodi pamoja nayo. Boriti ndefu husimamishwa kwa ubavu. Mbao ya kipimo hicho ikisimamishwa hivyo huwa ngumu kupinda mara nne kuliko ikilazwa. Viungo tunavifunga kwa bolti na washa pana, wala hatutegemei misumari, ambayo hulegea kila toroli linaposukumwa. Jambo tusilolegeza hata kidogo ni mahali pa kuiegemeza bodi: hukaa juu ya mihimili yake ya pembeni, na hufungwa kupitia matundu yaleyale ya bolti za kiwandani, ili uzito upite ulikozoea kupita.

Kila gurudumu tunalichagua liwe na uwezo wa kubeba peke yake nusu ya uzito wote, kwa kuwa sakafu ya gereji haiko sawa kila mahali na toroli gumu huweza kusimamia magurudumu mawili tu kwa kitambo.

Mbao huwaka, na hili tunalieleza waziwazi. Tunapochomelea, huweka bati kati ya cheche na mbao, ndoo ya maji huwa karibu, na fundi hubaki akiangalia kwa angalau nusu saa baada ya kazi, maana moto wa mbao huweza kujificha ndani ya kiungo kabla ya kujitokeza.

Maelezo haya hayahusu Peugeot 504 na magari mengine ambayo bodi na chesisi ni kitu kimoja. Hayo huegemezwa mahali panapofungwa mifumo ya magurudumu, na toroli lake hupimwa upya.

Tunaunda toroli hata kwa mteja atakayefanyia kazi ya bodi nyumbani kwake. Tunachoomba ni gari liletwe na milango yake, hata kama imeharibika, kwa sababu bila milango hiyo hatuna njia ya kuaminika ya kujua kama nafasi zake zimekaa sawa.