Futari ya Sita ya Shawwal Alhamisi hii, naomba mthibitishe

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, kaka na dada zangu.

Idi imepita, pilau limeisha, na leo Alfajiri tulikuwa safu moja na nusu. Ramadhani tulibanana hadi barazani! Baridi ya Mbeya naijua, ila hata mwezi ule ilikuwepo.

Alhamisi tutafuturu pamoja na waliofunga Sita ya Shawwal, zile siku sita za sunna za mwezi unaofuata Ramadhani, palepale tunapofanyia darsa, Mwanjelwa. Fikeni saa 12 jioni.

1. Mchango sh 5,000, umfikie mweka hazina kabla ya Jumatano saa 2 usiku. Asiye nayo aje tu, asijifungie ndani.
2. Kina mama wameshika uji wa ulezi na viazi. Ndizi za Tukuyu naleta mimi. Natafuta vijana wawili wa kubeba majamvi na mmoja wa kununua tende.
3. Baada ya Maghrib tutasoma Qur'an kuanzia tulipoachia. Napendekeza tushike ukurasa mmoja kila siku. Juzuu nzima, yaani sehemu moja ya thelathini ya Qur'an, tuliiweza Ramadhani, sasa hivi tutadanganyana.

Siku sita si lazima zifuatane, mradi ziwe ndani ya Shawwal. Mwenye deni la siku alizokula Ramadhani amuulize ustadhi aanze na lipi, deni au Sita. Mabishano ya jana humu juu ya hilo yalitosha.

Andika NIPO au SIPO kabla ya kesho saa 4 asubuhi, nijue idadi ya vikombe. Dole gumba silihesabu, mwaka jana liliniponza.