Mama, kile kidoti kiliposimama

Mama shikamoo, na Shangazi shikamoo najua utasomewa, wadogo zangu hamjambo. Mie mzima alhamdulillah, magoti tu ndo hayajanisamehe na vidole viwili vya mkono wa kushoto bado vina ganzi, nikifunga vifungo vya shati nahangaika kama mtoto wa chekechea.

Naandika kwa sababu ya zile voisi nilizozikuta kwenye simu nilipofika Muscat. Kumi na moja, zote za usiku mmoja, na ya mwisho Mama hata huongei unasoma Yasin tu. Hapo nikajua kosa langu, niliwapa linki ya ramani ya mashindano ya baskeli bila kuwaeleza. Kile kidoti chenye jina langu kinatoka kwenye kidude kidogo nilichokifunga kwenye baskeli, kinatuma mahali nilipo kupitia setilaiti. Kikisimama maana yake baskeli imesimama, sio kwamba mtu kafa.

Haya, mashindano yenyewe yanaitwa BikingMan Oman, yalianza 2018, ni kama kilomita elfu moja hivi na unapewa masaa 120 umalize. Saa haisimami hata ukilala, kwa hiyo kila mtu anajiamulia mwenyewe alale wapi na kiasi gani, na wengi tunaendesha usiku. Shangazi umeuliza kwa nini mtoto wa ami pale Seeb ana gari zima na hakuja kunifuata na chakula. Hairuhusiwi. Mtu wako akikupangia msaada, wewe unatolewa mashindanoni. Unakula unachonunua njiani dukani kama mpita njia yeyote, unaziba pancha yako mwenyewe, na hata kujificha nyuma ya mwenzio akukatie upepo ni marufuku. Huu upepo nitaurudia.

Jebel Shams siisemi sana. Ndo mlima mrefu kuliko yote Oman, kilele kama mita 3,000, sisi tulipanda mpaka kama mita 2,000 hivi na kuna vipande nilishuka nikasukuma, kulikuwa na baridi ambayo mie wa Mwanakwerekwe, Unguja, sikuumbiwa. Basi. Mnaloulizia nyie ni ule usiku kutoka Ibra.

Niliondoka Ibra baada ya Magharibi. Ukishapita taa za mji ni giza tupu, kulia kwako ndo mchanga wa jangwa la Wahiba unaanza, huuoni lakini unaujua upo maana barabara inalia chini ya tairi kila panapokuwa na mchanga uliopeperushwa. Taa yangu inawashwa na dainamo iliyo ndani ya habu ya gurudumu la mbele. Mnaikumbuka dainamo ya Foniks ya Baba ile inayosugua tairi, ukimsikia anatoka kununua mkate unajua yuko kona gani? Hii haina hata sauti, ila tabia ni ile ile, nikichoka na taa inachoka. Kwenye vilima inapepesa pepesa mpaka nabaki na tochi ya kichwani, namulikia mita tano mbele naomba Mungu pasiwe na ngamia. Ngamia wa huku usiku hawana habari na mtu, wanasimama katikati ya lami, na mweusi humuoni mpaka umemnusa.

Kusimama kwa kwanza ni Bidiya, mbele ya sheli. Kuna mgahawa wa Wahindi wa Kerala hauna hata viti ndani, nikaagiza karak, chai yao ya maziwa, na parata ya mayai wanayoiponda na Chips Oman ndani, msinicheke, ukishaendesha masaa kumi na manne hiyo ni biriani. Nimejiinamia nakula nikasikia nyuma yangu, "We kijana, mbona umevaa hivyo?" Kiswahili, tena cha kwetu kabisa. Mzee wa kanzu na kofia, fimbo mkononi. Nikamwamkia shikamoo akafurahi mpaka akakaa kwenye kreti la soda. Kazaliwa Mlandege, mtaa wa kwetu Unguja, wazee wake asili yao huku huku mkoa wa Sharqiya, akaletwa mtoto baada ya mapinduzi ya mwaka 64. Mnajua huku wapo wengi wa hivyo, ukiwa Ibra au Jaalan usimsengenye mtu kwa Kiswahili, utaumbuka.

Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia Sur halafu Muscat. Gari yako ina nini? Haina kitu mzee, ni mashindano. Akanitazama, akasema, "Una wazimu au una nadhiri?" Halafu akaizunguka baskeli yote akaipapasa, akaona kasoro moja tu, haina keria. "Sasa mkeo unampakia wapi?"

Alitaka nikalale kwake, kaniambia godoro lipo, maji ya moto yapo. Wallahi nilitamani mpaka nikataka kulia. Nikamwambia nitaaga mashindano nikiingia humo ndani maana sitaamka. Nikanywa kahawa yake tu kwenye chupa aliyokuwa nayo garini, vikombe vitatu, na tende, na hiyo ndo saa nzima mliyoiona kidoti kimeganda. Mama wewe unasoma Yasin mie nakula tende.

Baada ya Bidiya ndo pagumu. Kuanzia saa saba usiku akili inaanza kuchezea macho. Pembeni ya barabara kuna miti inaitwa ghaf, inaota mchangani inainama, na mie nikawa naiona ni wanawake wa buibui wamesimama kituoni wanangoja daladala. Najua ni miti. Naiona ni wanawake. Nikapunguza mwendo nikasema asalaam aleikum, hawakuitikia nikaona hawana adabu, nikaendesha kama nusu kilomita nimenuna ndo nikashtuka nimenunia miti. Hapo hapo nikaamua nilale kabla sijaingia chini ya lori. Na umande nao, watu wanadhani jangwa kavu, usiku karibu na bahari unalowana nguo zote kama umepita mvuani.

Kwa hiyo kusimama kwa pili, saa tisa usiku, ni msikiti mdogo karibu na Jaalan. Nje una bomba la maji baridi ya sebili kama misikiti mingi ya huku. Nikajaza chupa, nikajilaza barazani nimejifunga ile blanketi ya foili tunayolazimishwa kubeba, inapiga kelele ukigeuka tu, nilikuwa kama mshikaki uliofungwa wa kupelekwa nyumbani. Akaniamsha mhudumu wa msikiti, Mbangladeshi, kanigusa bega taratibu kwa kidole kimoja, nadhani na yeye aliogopa kama nyie. Nikaswali Alfajiri na soksi za baskeli nikaondoka.

Cha tatu sasa, kile cha asubuhi baada ya Al Ashkharah ambacho Shangazi umesema kilisimama kikaenda kikasimama kikaenda. Hiyo ni kaskazi. Barabara inapanda na pwani kuelekea Ras al Hadd, bahari mkono wa kulia, na mwezi wa pili upepo unatoka mbele yako usoni, mchanga unakuchoma mashavu, unapiga pedeli kwenye tambarare na gia ya kupandia mlima. Mbele yangu kulikuwa na Mtaliano kama mita hamsini, mgongo mpana kama kabati, na siruhusiwi kuusogelea. Nikawa nashuka, nakaa chini, napanda tena. Nimekaa hivyo ndo ikanijia, huu si ndo ule upepo aliokuwa akiungoja Babu pale Malindi ya Unguja, majahazi ya Sur yakija na tende na papa mkavu? Wao uliwasukuma mgongoni, mie umenipiga usoni. Niliutukana kidogo, Mama nisamehe.

Sur nikaingia mchana, lile jahazi lao kubwa Fatah al Khair wameliweka nchi kavu watu wanapiga nalo picha, mie nikapita nalitazama kwa jicho moja natafuta samaki wa kukaanga.

Nimemaliza kwa masaa 109. Nafasi msiniulize, nimemaliza.

Ila nina kazi moja kwenu. Yule mzee wa Bidiya anasema nyumba yao Mlandege ilikuwa na mkunazi uani na bomba la mfereji mbele ya mlango, nyuma ya duka lililokuwa likiuza mafuta ya taa. Hajui kama mti upo. Mdogo wangu we kila siku unapita huko ukienda darasani, hebu ulizia kwa wazee wa barazani, ukiupata piga picha na majani yaonekane vizuri, unitumie nitampelekea. Na Mama, pesa ya umeme nimetuma jana, angalia kwenye simu.