Wahabeshi wasomewe mashtaka kwa lugha yao

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu vijana wa Kihabeshi, yaani wa Ethiopia, wanaokamatwa huku kwetu wakipitishwa kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi. Nimeendesha malori miaka mingi, Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, naifahamu, na Kiamhari, lugha kubwa ya huko Ethiopia, cha kuombea maji na chai ninacho.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye mahakama moja ya mkoa huu wa Dodoma kwa kesi ya shamba ya ndugu yangu. Kabla yetu wakaingizwa vijana wamefungwa pingu wawili wawili, wengine peku. Karani akasoma shitaka kwa Kiswahili: kuingia nchini bila kibali. Askari akawaashiria wajibu. Wakatikisa vichwa, ikaandikwa wamekiri. Faini hawana, basi jela. Chai ya saa nne haijaiva, wameshapandishwa karandinga. Nilimsalimia mmoja pale nje kwa Kiamhari. Akanijibu kwa kusitasita kwamba anatoka Hosaena, mji wa kusini mwa Ethiopia. Wengi wa kule ni Wahadiya, wenye lugha yao ya Kihadiya. Hicho Kiamhari chenyewe kwao ni cha kujifunza shuleni.

Dereva na utingo walikuwa wameshatokomea porini. Mwenye lori hakutajwa kabisa. Mzee mwenzangu wa barabarani atakwambia mzigo wa namna ile haupandi gari bila mtu kulipwa, na wanaomjua aliyelipwa ni hao hao vijana. Nani aliwauliza kwa lugha wanayoielewa?

Sisi wa Kongwa tuna sababu ya kuuliza. Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, maiti zao zikatupwa kichakani Chitego, wilayani kwetu.

Sijasema waachiwe wapite. Mpaka ni mpaka. Lakini Katiba, ibara ya 13(6), inampa mtu yeyote haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi utafsiriwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Mkataba wa Vienna wa 1963 nao unataka mgeni aliyekamatwa aelezwe kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Kama kuna aliyewaeleza, labda naye alitumia Kiswahili.

Hasara ni yetu pia. Januari 2021 Rais Magufuli alikubali kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani kwa kosa hili hili. Ugali wao wote huo nani alikuwa akiulipia?

Uhamiaji na Mahakama wote makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma, na kesi siku hizi zinasikilizwa kwa video. Basi iwepo orodha ya wakalimani wa Kiamhari, Kihadiya na Kioromo wanaoweza kupigiwa simu popote walipo, na hakimu asipokee jibu la mshtakiwa kabla mkalimani hajapatikana. Polisi nao wawahoji kupitia mkalimani huyo kabla hawajatawanywa magerezani, waanze na jina la mwenye lori.

Dereva mstaafu,
Kibaigwa, Kongwa